Kibano cha kutolea kupe, kinafaa sana
Wapenda kutembea porini, hiki kibano chenye ncha nyembamba kiwe kwenye begi jamani. Nimekichukua duka la dawa hapa Arusha, bei poa, kinamshika kupe karibu kabisa na ngozi halafu unavuta juu taratibu bila kumzungusha, anatoka mzima na mdomo wake, sio kama vile vya nyusi vyenye ncha pana vinambana tumbo mpaka anapasuka. Na msimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti, haisaidii kabisa! Shida moja tu, hakina kifuniko, ncha zinatoboa begi. Ukishamtoa osha na sabuni, ukiona homa au kidonda cheusi siku za mbele wahi hospitali mwambie daktari uling'atwa na kupe. Nyota nne.