Pampu ya Petroli au ya Sola kwa Bustani ya Mboga?
Kiangazi kinapokaribia, wakulima wa mchicha na matembele wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kigamboni hadi Bunju, hurudia swali lile lile.

Kwa bei ya kununulia, pampu ndogo ya petroli inashinda bila ubishi. Gharama yake, hata hivyo, haiishii dukani: kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, mkulima hupiga hesabu upya, ilhali mchicha, unaovunwa wiki chache tu baada ya kusiwa, hudai maji karibu kila siku.

Kuhusu kutegemeka, wengi huanza kulijadili jua, nami ningeanza na kina cha kisima. Pampu inayokaa juu ya ardhi, kama hiyo ya petroli, hutegemea kanieneo (mgandamizo) ya hewa kupandisha maji, kwa hiyo yakiwa chini zaidi ya takribani mita 7 hushindwa kuyavuta, injini iwe na nguvu kiasi gani. Pampu ya sola ya kuzamishwa kisimani huyasukuma kutoka chini. Mawingu ya masika huipunguzia kasi, ingawa siku hizo mvua yenyewe humwagilia.

Injini ya petroli hufunguliwa na fundi pikipiki yeyote. Sola huhitaji kufutwa vumbi tu, lakini kidhibiti chake cha umeme kikiungua, fundi hapatikani kirahisi, na paneli huwavutia wezi.

Aliyekodi kiwanja kwa msimu mmoja, kando ya mto, atafaidika na petroli. Mwenye eneo lake, kisima kirefu na mlinzi wa usiku ana sababu ya kuchagua sola.