Wiki ya saba nampeleka mama kikundi cha kuimba cha wazee wanaosahau, uzoefu wangu

Mama ana dimensia mwaka wa nne huu. Alikuwa anauza dagaa soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, na hesabu zote kichwani, sa hivi mi ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Nesi mmoja akanidokeza kuna kikundi Nyegezi kila Jumamosi, wagonjwa na wanaowauguza wanaimba pamoja, mchango elfu mbili na chai imo. Kumbe hata Uingereza wanavyo, shirika lao la wagonjwa wa dimensia, Alzheimer's Society, wanaviita Singing for the Brain, yaani kuimba kwa ajili ya ubongo. Mi nikajua kwaya tu ya kupotezea muda.

Siku ya kwanza kakumbatia pochi yake mwanzo mwisho. Wiki ya tatu mzee mmoja akaanzisha wimbo wa kulimia wa Kisukuma, zile za watu kujipanga mstari majembe yanafuata sauti, basi mama akaitikia! Maneno yote, na mzee aliporuka ubeti akamrudisha, mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo kaniuliza mara sita tunaenda wapi. Wanasema nyimbo za ujanani zinachelewa sana kufutika, halafu hizi za kuitikia kiitikio ni kilekile, hahangaiki kutafuta maneno. Hakuna makaratasi wala kusimama, wanaimba wamekaa kama wigashe, ile ngoma ya Kisukuma ya kukaa.

Sio dawa, tusidanganyane. Tukipanda daladala ashasahau tulikotoka, ila wimbo anaumumunya mpaka Mkolani, na jioni yake kumuogesha hakuna vita.

Kasoro zipo. Saa nne yao ni saa tano kasoro, na ukimsubirisha mama anaanza kudai arudishwe kwao Magu. Choo kiko nje na kina ngazi. Kuna siku wakaleta kijana wa kinanda na spika mbili kubwa, wazee wakashtuka, bibi mmoja akalia, nikawaambia jamani midomo inatosha.

Ila chai ndo usikose. Kuna mzee anamuuguza mkewe, akaniambia mwanangu usibishane nae, akisema dada yake yuko sokoni we muulize kauza nini. Mi miaka yote namwambia mama mdogo alishafariki, analia upya kila siku.

Juzi nikamuuliza. Kauza madebe matatu, na kuna mama wa Igoma hajalipa bado.