Fatherland ya Robert Harris: Hitler akishinda vita, nani anabaki na masjala?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Kitabu cha leo ni hiki hapa, kioneni: Fatherland, riwaya ya Mwingereza Robert Harris, iliyotoka mwaka 1992. Nimekisoma kwa Kiingereza, na wiki hii nimekirudia mara ya pili kwa usiku mbili. Mkiniona macho mekundu, sababu ni hiyo.

Wengi mnaniomba vitabu vya "ingekuwaje kama". Na swali linaloongoza ni lilelile: ingekuwaje kama Ujerumani ingeshinda Vita Kuu ya Pili ya Dunia? Nikiri kwamba aina hii ya riwaya huwa inanichosha upesi, maana waandishi wengi wakishapindua ramani wanaona wamemaliza kazi. Wanakutembeza tu, tazama bendera ile, tazama jeshi lile. Harris ramani anaimaliza haraka, kisha anakupa maiti moja na polisi mmoja.

Niwape mazingira kidogo. Ni Aprili 1964, mjini Berlin, mvua inanyesha. Hitler yuko hai, na Jumatatu ijayo, tarehe 20, anatimiza miaka 75. Urusi ilikatiwa mafuta ya Kaukazi ikasukumwa hadi nyuma ya milima ya Urali, na huko vita havijaisha. Maiti za vijana wa Kijerumani bado zinarudishwa nyumbani. Uingereza ilizingirwa na nyambizi mpaka njaa ikaisalimisha, Churchill yuko uhamishoni Kanada, na kwenye kiti cha ufalme amekaa Edward VIII, yule aliyekiachia kiti hicho mwaka 1936. Marekani iliipiga Japani, ina bomu lake, Ujerumani nayo ina makombora yake, basi wanatazamana kwa mbali. Rais wa Marekani ni Kennedy. Si yule mnayemfikiria, ni baba yake, Joseph. Na huyo mzee anajiandaa kuja Berlin kupatana na Hitler. Hapo ndipo penye uzito wa hadithi yote, kwa hiyo mlikumbuke hilo la kupatana.

Alfajiri moja unaopolewa mwili wa mzee kando ya ziwa Havel, karibu na Schwanenwerder wanakokaa wakubwa wa chama cha Nazi. Simu inapigwa kwenye ofisi ya Kripo, yaani polisi wa upelelezi, anaipokea Xavier March. Hata zamu haikuwa yake. March aliwahi kuwa nahodha wa nyambizi, mkewe wameachana, ana mtoto mmoja wa kiume wa miaka 10, na ndani ya sare ya SS, kikosi cha chama cha Nazi kilichowashika pia polisi, kuna mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiuliza maswali kimyakimya. Marehemu anatambulika: Josef Bühler, aliyekuwa mkubwa katika utawala wa Wajerumani huko Polandi. March hajakaa sawa, Gestapo, polisi wa siri, wanakuja kumnyang'anya jalada.

Kuanzia hapo sisemi nani alimuua nani, siwezi kumwaga mtama penye kuku wengi. Ila ninalotaka kuwaambia leo liko hapohapo kwenye jalada. Mnaweza kukisoma kitabu hiki kama hadithi ya upelelezi na mkafurahi. Mimi nimekisoma kama hadithi ya karatasi. Ya masjala. Nani anafungua faili, nani analifunga, nani ana ufunguo wa kabati, na mshindi wa vita anafanya nini na kabati hilo akishashinda.

Kuna jambo dogo mwanzoni ambalo nililipita mara ya kwanza na safari hii likanikaba koo. Kwenye nyumba anayokaa March, nyuma ya karatasi ya ukutani, aliwahi kukuta picha ya familia waliokaa pale kabla yake. Familia ya Weiss. Anauliza walikwenda wapi. Hakuna anayejua, au tuseme hakuna anayetaka kuulizwa. Wayahudi walihamishiwa Mashariki, basi. Nchi nzima imelikubali neno hilo, Mashariki, kama mtu anayekubali kwamba jirani amehama bila kuaga.

Sasa oneni ufundi ulipo. Mimi na wewe tunajua walikopelekwa. March hajui. Katika riwaya nyingi za upelelezi msomaji anamkimbiza mpelelezi, anataka kujua anachojua yeye. Humu mambo yamegeuka: sisi tumesimama mwisho wa njia tukimwona anakuja, hatua kwa hatua, na kila karatasi anayoiokota tunatamani aiweke chini, na papo hapo tunataka aisome.

Na karatasi zenyewe ni za kweli. Januari 20, 1942, wakubwa 15 walikutana kwenye nyumba ya kifahari kando ya ziwa Wannsee, chini ya Reinhard Heydrich, mkuu wa polisi wa usalama wa Hitler, wakapanga namna ya kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya. Muhtasari wa kikao kile una orodha ya nchi kwa nchi, jumla zaidi ya milioni 11. Wameandika hadi Uingereza, 330,000, ambayo hawakuwa wameikamata. Hadi Ireland, 4,000. Zilichapwa nakala 30, na iliyopatikana baada ya vita ni moja tu, namba 16, ya Martin Luther wa wizara ya mambo ya nje. Wamarekani waliikuta mwaka 1947. Moja kati ya 30, na hiyo ni kwa Ujerumani iliyoshindwa, makabati yake yamevunjwa na majeshi ya watu wengine. Harris anauliza: na kama wasingeshindwa? Hiyo moja ingekuwa wapi?

Jamaa hakuliokota swali hili njiani. Kabla ya riwaya alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1986 alitoa kitabu kizima kuhusu shajara bandia za Hitler zilizolitia aibu gazeti la Stern mwaka 1983. Anajua karatasi inavyoweza kusema uongo, na anajua jinsi ya kuiuliza. Kwa hiyo mihuri, namba za kumbukumbu, ratiba za treni, vyote vinakaa mahali pake.

Watu nao ni wa kweli. Bühler wa historia alinyongwa Polandi mwaka 1948. Heydrich alikufa Juni 1942 baada ya kushambuliwa Prague. Humu wanaendelea kuishi, wamezeeka, wana nyumba za ziwani. Maisha yao hadi 1942 mwandishi ameyaacha yalivyo, akabadilisha yaliyofuata.

Mji wenyewe unatisha. March anampandisha mwanawe basi la watalii, na mwongozaji anataja vipimo, mita ngapi, watu wangapi. Kwenye Ukumbi Mkuu pumzi za watu 150,000 zinapanda kwenye kuba, zinageuka mawingu, zinawanyeshea manyunyu humohumo ndani. Ukumbi huo Albert Speer, msanifu majengo wa Hitler, aliuchora kweli, karibu mita 290 kwenda juu. Na Berlin ya leo ipo nguzo nene ya zege, zaidi ya tani 12,000, iliyojengwa 1941 kupima kama ardhi ingeweza kubeba lango lao la ushindi. Mtoto kwenye basi anashangilia. Baba yake anahesabu.

Kasoro zipo. Charlotte Maguire, mwandishi wa habari wa Kimarekani anayeungana na March, hakupewa nafasi anayostahili. Mapenzi yao yanakuja haraka mno, kana kwamba mtu alisema lazima yawemo. Safari ya Zürich kwenye sanduku la benki ni nzuri lakini inafanana na sinema. Na kuna jambo zito zaidi. Desemba 17, 1942, nchi zilizokuwa zikipigana na Ujerumani zilitangaza hadharani kwamba Wayahudi wanaangamizwa. Sasa inakuwaje mwaka 1964 dunia haina uhakika? Nilikwama hapo siku nzima. Ila nadhani jibu la kitabu ni yule mzee Kennedy anayekuja kupatana. Habari ilikuwapo. Aliyetaka amani na biashara hakuona faida ya kuiuliza.

Kitabu hakitufikishi Afrika, na sikilaumu kwa hilo, kesi yake ni ya Berlin. Lakini mimi sikuweza kukisoma bila kumfikiria mtu mmoja wa kwetu. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Akiwa na miaka 10 aliingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake aliyekuwa askari. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Wakamkatalia. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akawa mwigizaji, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Lugha hii ninayozungumza nanyi sasa hivi. Mwaka 1941 walimkamata kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na Novemba 24, 1944 akafia kambi ya Sachsenhausen, kaskazini tu ya jiji lile.

Tunamjua kwa sababu majalada yalibaki: madai yake ya mshahara, barua zake, kumbukumbu za kukamatwa kwake. Katika Berlin ya kitabu hiki, madai yale yangeishia wapi? Nilipofika mahali March anasimama mbele ya rafu za masjala, zimejaa kutoka sakafuni hadi darini, niliweka kitabu chini nikamtafuta Husen, nikatazama picha zake hadi usiku wa manane.

Ipo filamu ya 1994, Rutger Hauer ndiye March. Yeye yuko vizuri, lakini mwisho wameubadilisha, na mwisho wa kitabu ndio ulionifanya nirudie kukisoma. Anzeni na kitabu. Nyuma kabisa kuna maelezo ya mwandishi yanayotaja hati zipi ni za kweli na zipi alizitunga. Msiyaguse kwanza. Yafungueni mkishamaliza, mkiwa mmekaa.