RAM ya laptopu kuukuu: ipi uinunue kwanza

Ukiwa na ThinkPad au EliteBook ya mtumba ya mwaka 2013 au 2014, geuza mashine, chomoa betri, fungua kifuniko usome stika ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyomo. Ikiandikwa PC3L-12800S, hiyo ni RAM ya aina ya DDR3L, ya volti 1.35. L hiyo ina kazi. Prosesa (chipu kuu) za Intel za kizazi cha nne, zilizomo kwenye nyingi za mashine hizi, zinaitaka, na ukizipa DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, mara nyingi mashine inalia tu bila kuwaka. DDR3L yenyewe haina makuu, hata kwenye laptopu za nyuma zaidi zinazotumia volti 1.5 inakaa vizuri. Muuzaji akikwambia "DDR3 ni DDR3 tu, bosi", mwambie aiwashe mbele yako.

Hesabu na sloti, yaani nafasi za kuchomekea RAM. ThinkPad T440p ina mbili, inafika GB 16. ThinkPad X240 ina moja tu, kikomo GB 8. DDR4, aina mpya zaidi, usiiguse, haiingii kabisa.

1. GB 8 ya DDR3L iliyotolewa kwenye laptopu nyingine, yenye chipu za Samsung, SK Hynix au Micron. Hii ndiyo chaguo langu, kwa sababu RAM haichoki kama betri na bei ya mtumba ni nafuu. Stika isome 2Rx8, yaani chipu 16, nane kila upande. Zipo GB 8 zenye chipu nane tu. RAM hizo, prosesa za kizazi cha nne kwa kawaida hazizisomi, hata kama L ipo. Ukiipanga na GB 4 ya zamani unapata 12.

2. DDR3L mpya ya GB 8 ya kampuni ya Kingston, namba KVR16LS11/8. Utalipa zaidi, lakini unapata dhamana.

3. Kuongeza GB 4 juu ya GB 4. Kwa Word na mtandao inatosha, ila sloti zimeisha.

4. Mpya isiyo na jina. Stika yeyote anaweza kubandika. Mimi sinunui.

Kuifunga ni rahisi: iingize kwa mshazari mpaka meno ya dhahabu yazame, kisha ibonyeze hadi vibanio vya pembeni vilie. Usiku huohuo endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mpaka asubuhi. Likitokea kosa hata moja, irudishe dukani.