Uzoefu wangu: dawa ya sindano ya kuzuia unyevu ukutani (Mikocheni)

Nyumba ya wazazi wangu ilijengwa Mikocheni miaka ya 80, na pale kwetu ukichimba shimo hujafika mbali unakutana na maji. Chumba cha mama ndicho kilichoteseka zaidi. Kila masika rangi inatoa malengelenge kuanzia chini mpaka usawa wa goti, kisha inababuka, na nyuma yake unakuta unga mweupe wa chumvi. Ufute leo, wiki ijayo umerudi. Mama akasogeza kitanda katikati ya chumba, akasema ukuta una jasho.

Hela nilishapoteza mara mbili kabla ya hapo. Fundi wa kwanza alikwangua na kupiga skimu ya jipsam, na jipsam kwenye ukuta wenye maji ni biskuti kwenye chai. Wa pili alipaka ndani rangi "isiyopitisha maji". Maji yalipozibwa pale chini yakapanda, yakaja kutokea karibu na swichi ya taa.

Ndipo nikaita kampuni ya sindano, wale wanaotoboa ukuta chini na kujaza dawa ya kuzuia maji. Kijana aliyekuja kukagua alinifurahisha kwa jambo moja: alibandika kipande cha nailoni ukutani, akakizungushia selotepu pande zote, akasema tukutane kesho kutwa. Aliporudi, matone yalikuwa upande wa ndani ya nailoni, ule uliogusana na ukuta. Yangekuwa upande wa nje, alisema, basi ni mvuke wa chumbani na dawa yake isingesaidia kitu. Hapa maji yanatoka kwenye msingi, maana DPC, ile lami au nailoni inayolazwa juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali, ama haikuwekwa ama imeshachoka.

Kazi ilichukua siku mbili. Walibomoa lipu hadi mita moja, wakatoboa matundu ya milimita 12 kwenye mota ya kozi (mstari wa tofali) ya chini kabisa, kila baada ya sentimita 12 hivi, wakajaza dawa nyeupe nzito kama mtindi. Inasambaa yenyewe ndani ya vitundu vya mota na kuvifanya vikatae maji, kama jani la mgimbi linavyokataa tone la mvua. Wakapiga lipu mpya ya simenti yenye dawa. Chumba cha mita 4 kwa 3 kilinigharimu shilingi 1,300,000.

Kipeperushi chao kilinichekesha. Kinasema ukuta mkavu haupotezi joto haraka kama ukuta uliolowa, na ni kweli, lakini mwezi wa pili hapa Dar nani analilia joto lisitoke? Ukurasa wa nyuma ulihusu redoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini kwenye madini ya urani. Nchi za baridi, nyumba zikifungwa madirisha miezi mizima, hujikusanya vyumba vya chini na huweza kuleta saratani ya mapafu. Nikamuuliza kijana kama dawa yake inaizuia. "Hapana dada, hicho kipeperushi cha watengenezaji, sisi tunazuia maji tu." Nikamheshimu kwa kusema ukweli.

Sasa malalamiko. Waliniambia nipake rangi baada ya wiki mbili. Msithubutu. Ukuta hukauka kama inchi moja kwa mwezi, kwa hiyo tofali la inchi 6 ni nusu mwaka. Mimi nilisubiri, na kuta tatu zimekauka vizuri kabisa, hata ile harufu ya uvundo imekwisha. Ukuta wa nne, wa upande wa uani, uliendelea kulowa. Nikawapigia, wakasema dhamana yao ni ya maji yanayopanda, si yanayoingia kwa ubavu. Mbona hamkutoka nje kuangalia siku ya ukaguzi?

Aliyetoka nje ni mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu. Aliweka kiganja kati ya pevingi na usawa wa sakafu ya ndani, akacheka: "Mwanangu, ukuta mmeufukia wenyewe." Tulipoweka pevingi tulijaza mchanga mpaka uani kukawa juu kuliko sakafu kwa vidole vinne. Maji ya mvua yalikuwa yanaipita kwa juu ile DPC mpya ya sindano, na hakuna sindano inayozuia hilo. Tuling'oa pevingi upana wa futi moja na nusu, tukachimba hadi sentimita 15 chini ya usawa wa DPC, tukapaka lami ukutani kwa nje, tukajaza kokoto. Shilingi 240,000 pamoja na chai ya mzee.

Sindano naipa nyota nne, ukaguzi wao nyota mbili. Masika ya mwaka huu yamepita na ukuta wa nne umebaki na doa moja tu, kama sahani, chini ya dirisha. Mama hajarudisha kitanda. Anasema yapite masika mengine kwanza.