Tairi tatu nimezipata, propela imenitoa jasho

Gari ni Oldsmobile Cutlass ya 1984, nililolipeleka kufungiwa haidroli, yaani pampu za mafuta zinazopandisha na kushusha kila kona ya gari, ili linyanyue tairi moja na kusimama kwa tatu. Gereji iko mashariki mwa Los Angeles. Jina naliacha maana huko mbele nina malalamiko.

Niliingia nikitaka pampu 4, nikiamini nguvu ndiyo inayonyanyua tairi. Fundi mkuu, mzee wa Kimeksiko, akacheka, akafungua buti na kugonga betri kwa bisibisi: "Uzito huu hapa ndio unaonyanyua." Tukaishia pampu 2, vali 4 na betri 6. Mbele kuna silinda (mabomba yanayorefuka kwa mafuta na kuinua kona) za inchi 8 kwa volti 72, nyuma za inchi 14 kwa volti 48. Pia aling'oa stabilaiza ya mbele, kwani inazishikanisha kona mbili zinazotakiwa kuachana.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unashusha kona ya nyuma kushoto mpaka chini kabisa, halafu unapandisha ya kulia mpaka silinda iishe. Gari linaelemea nyuma kushoto, betri zinalivuta, na tairi ya mbele kulia inaacha lami polepole, inaning'inia kama mguu wa kuku aliyenyeshewa. Mara ya kwanza nilipiga kelele peke yangu kwenye maegesho. Dada yangu wa Temeke nilimtumia video, akajibu: "Hela yote hiyo, si ungenunua bajaji?"

Uchomeleaji siutii dosari. Fremu wameivika bamba la chuma la robo inchi, mishono imenyooka, na hozi hazigusi ekzosi popote.

Sasa lawama. Nyuma ikipanda na kushuka kiasi hicho, nafasi kati ya giaboksi na difu hubadilika, hivyo propela, ile shafti ndefu inayoviunganisha na kuzungusha tairi za nyuma, inatakiwa iwe ya kuteleza, yenye kurefuka na kufupika. Wao waliniachia ile ya kiwandani. Wiki ya pili nikasikia kishindo chini ya miguu, na sili ya nyuma ya giaboksi ikaanza kuvuja. Niliporudi wakasema hilo halikuwemo kwenye makubaliano. Mtu unamfungia silinda za inchi 14, kweli unasubiri akuulize habari za propela?

Nimeshabadilisha kwingine. Tangu Januari 2024 California imeiondolea miji mamlaka ya kupiga marufuku kruzingi, yaani kuzungusha gari polepole barabarani kwa kujionyesha, basi Jumapili utaniona barabara ya Whittier Boulevard, taratibu, dirisha wazi.

Nyota 3 kati ya 5. Ya nne wataipata wakinirudishia dola 380 za propela.