Mwaka mmoja wa kusoma tafiti za vyuo vikuu nikiwa dukani: uzoefu wangu

Ninauza pembejeo Dumila, kwenye njia panda ya Kilosa, na kwa miaka mingi majibu yangu kwa wateja yalitoka sehemu mbili tu: maandishi ya kwenye pakiti ya kiuatilifu, na maneno ya mawakala wanaotuletea mzigo. Mwaka jana, miezi michache baada ya mavuno, mama mmoja wa Magole alinimwagia juu ya kaunta mahindi yaliyogeuka unga, akaniuliza: "Mwanangu, uliniuzia dawa au uliniuzia vumbi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilianza kupekua hifadhi za tafiti ambazo vyuo vikuu huziacha wazi mtandaoni kwa mtu yeyote, bila ada na bila kitambulisho cha mwanafunzi, na tangu hapo nazitumia karibu kila siku. Haya ni maoni ya mtumiaji ambaye elimu yake iliishia kidato cha nne.

Jibu la yule mama lilikuwemo katika tasnifu za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kiko Morogoro mjini, mwendo mfupi wa basi kutoka dukani kwangu. Mdudu aliyemharibia mahindi ni dumuzi, ambaye huku wengi humwita Skania, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeonekana kwanza maeneo ya Tabora kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Nilichokuwa sikijui ni kwamba dumuzi huzistahimili dawa za jamii ya oganofosfeti zinazomuua fukusi, mdudu mwingine wa ghalani, ilhali fukusi naye huzistahimili zile za jamii ya pareto zinazomuua dumuzi, na ndiyo maana dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi huchanganywa viambato viwili. Mimi nilikuwa nimemuuzia yenye kiambato kimoja. Kwa hiyo dawa haikuwa feki, ingawa nilikuwa tayari kumwambia kwamba ni feki. Muuzaji ndiye hakujua anachouza.

Kutoka hapo nilifika kwenye mifuko ya PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kutokana na kazi waliyoianza Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuhifadhi kunde. Ni mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Ukiifunga vizuri, wadudu waliomo huitumia oksijeni mpaka inapungua, wakashindwa kula na kuzaliana, kisha wakafa, na hakuna dawa yoyote inayohitajika. Nilifurahi mno, nikaagiza, nikamuuzia yule yule mama. Kosa langu safari hii lilikuwa la msomaji mvivu: nilikuwa nimesoma ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, peke yake. Ndani ya tasnifu ilielezwa wazi kwamba mahindi yasifungwe kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5 au chini ya hapo. Ya kwake yalikuwa hayajakauka, yakaota kuvu, na mfuko mmoja tuliufukia. Nilipokuja kusoma kuhusu sumukuvu ya mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki, nilishukuru kwamba hakuna aliyeyala.

Upana wa yaliyomo ndio unaonifanya nirudi hata nisipokuwa na swali. Niliingia kutafuta panya wa shambani nikakutana na panya buku, ambao shirika la APOPO huwafundisha pale pale Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza kwa ushujaa. Usiku mwingine, nikifuatilia magonjwa ya migomba katika kazi za Makerere, niliishia kusoma habari za gari la umeme ambalo chuo hicho kiliunda na kulionyesha hadharani mwaka 2011. Halikuwa na uhusiano wowote na duka langu, lakini bando lilikwisha nikiwa hapo.

Lawama zangu ni mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: katika hifadhi ya chuo kimoja nilipakua faili kubwa lililomaliza bando la wiki, nikakuta kurasa zimepigwa picha zikiwa zimelala upande, na sura ya matokeo haimo kabisa. Ya pili ni nzito zaidi, nayo ni lugha. Mke wangu anafundisha Kiswahili, na nilipomwonyesha hifadhi hizi alipata makala za fasihi na isimu zilizoandikwa kwa Kiswahili fasaha, pamoja na jarida la Swahili Forum linalotolewa bure na Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Mimi ninayetafuta habari za mahindi ya Kilosa husoma Kiingereza, kamusi ikiwa mkononi, juu ya wakulima waliohojiwa kwa Kiswahili. Naona si haki, hasa pale utafiti unapofanyika kijiji jirani na waliotoa majibu hawawezi kuyasoma.

Hata hivyo, Kiswahili kipo. Kimewekwa nyuma kabisa, kwenye viambatisho. Huko ndiko watafiti wengi huweka dodoso walilolitumia kijijini, na siku hizi naanzia huko kabla ya kugusa ikisiri. Maswali yake yamepangwa na mtu aliyefikiri kwa makini: umevuna lini, umeanika juu ya nini, unatambuaje kwamba mahindi yamekauka, unahifadhi wapi. Nimeyanakili kwenye daftari la dukani, na simuuzii mtu mfuko wala dawa kabla ya kumuuliza. Kwa hayo natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka nione ikisiri za Kiswahili kwenye tasnifu za kilimo.

Msimu huu mama wa Magole alirudi kutaka mifuko sita. Nilimuuliza anatambuaje kwamba mahindi yamekauka, akajibu kwamba huyang'ata. Tukachukua chupa kavu ya kioo, tukatia konzi ya mahindi aliyokuja nayo pamoja na chumvi kavu, tukatikisa, tukaiacha itulie kwa dakika chache. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo, dalili kwamba unyevu bado uko juu. Sikumuuzia siku hiyo; alifunga konzi yake ndani ya khanga, akarudi nyumbani kuanika.